Mimba Iliyofichwa Chini ya Sweta

Mbozi, mkoani Songwe, ni nchi ya kahawa na baridi. Miezi ya Juni na Julai mwanafunzi anayevaa sweta tangu mstarini asubuhi hadi kengele ya kuondokea hamshangazi mtu. Ndiyo maana sweta limegeuka kuwa maficho. Binti wa kidato cha pili ambaye hajaziona siku zake kwa miezi minne hulivuta likashuka chini ya mkanda wa sketi, hujifunga kipande cha kanga tumboni kwa ndani, na akikaa dawatini hupakata begi la madaftari. Wapo wanaofika hivyo hadi mwezi wa saba, wakifagia darasa, wakikimbia mchakamchaka, wakibeba ndoo za maji kichwani sawa na wenzao.

Songwe imetajwa kwa sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliwauliza wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini Tanzania kama wamewahi kupata mimba. Kitaifa, waliowahi walikuwa 22 katika kila 100. Ruvuma walikuwa 37. Songwe walikuwa 45. Humo wamo wa miaka 19 walio katika ndoa zao, na wamo wa miaka 15 waliotoka moja kwa moja darasani. Utafiti uliotangulia, wa 2015 hadi 2016, ulikuta wastani wa taifa ni 27, kwa hiyo hatua imepigwa, na walioisukuma wanastahili sifa. Lakini mkoa ambao karibu nusu ya mabinti wake wa umri huo wamekwisha kubeba mimba haupati faraja yoyote katika wastani wa taifa.

Madhara ya mimba hizi husimuliwa mara nyingi kana kwamba yote yanatokana na umri. Umri una sehemu yake, tena si ndogo. Ila wakunga wa wodi za wazazi wakipewa nafasi ya kusema, jambo wanalolirudia ni kuchelewa. Binti amefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na miezi saba. Binti ameletwa na bodaboda baada ya kukaa na uchungu nyumbani siku mbili. Binti ametokwa na damu usiku kucha, na mama yake amejua alfajiri. Kilichowachelewesha wote hao ni siri. Mwenyewe alificha tumbo, nyumbani wakaficha aibu, na waliomjua mhusika wakaficha jina lake.

Damu ndiyo ya kwanza kuathirika. Msichana wa miaka 15 bado anakua, na mwili wake unahitaji madini ya chuma kwa ajili ya damu na misuli yake mwenyewe, hapo hapo kila mwezi anapoteza damu. Akibeba mimba, mtoto aliye tumboni naye anadai fungu lake. Kama chakula cha nyumbani ni ugali na mboga za majani, na nyama huonekana siku ya sikukuu, upungufu wa damu huingia polepole: kizunguzungu, mapigo ya moyo kwenda mbio akipanda kilima, viganja vyeupe. Malaria nayo haimwonei huruma. Mimba ya kwanza ndiyo inayoshambuliwa zaidi na vimelea vyake, kwa kuwa hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto lishe. Dawa za haya yote zipo kliniki: vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria, chandarua. Zipo, lakini anayeficha mimba hazifikii.

Kisha ipo presha. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wanaobeba mimba kwa mara ya kwanza, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wasichana wa miaka 10 hadi 19 wamo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Dalili zake za mwanzo ni za kudanganya: kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, uso na vidole vinavimba. Shuleni huonekana uchovu wa mitihani. Nyumbani, degedege likianza, wapo wanaodhani ni mapepo na kumkimbiza kwa mganga. Muuguzi aliye na kipimo cha presha na kijiti cha kupimia mkojo angeweza kuutambua ugonjwa huo mapema, kwa dakika chache tu, na hospitali ina sindano ya kuuzuia usifike kwenye degedege.

Na kliniki yenyewe, je, inamkaribisha? Hapa panahitaji kusemwa ukweli. Binti anaingia zahanati asubuhi, benchi limejaa wanawake walio na umri wa mama yake. "Shikamoo nesi," anasema kwa sauti ya chini. Anaitikiwa marahaba, kisha swali linalofuata linasikika hadi mlangoni: "Mwenzako yuko wapi?" Utaratibu wa kuwataka wajawazito waje na wenzi wao ulianzishwa kwa nia njema, ili baba naye apime virusi vya UKIMWI na ashiriki malezi. Lakini katika zahanati kadhaa umegeuzwa sharti, na asiye na mume hutakiwa akalete barua kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji. Mwanafunzi aliyeficha tumbo lake miezi minne anaambiwa akajitangaze ofisi ya kijiji ndipo apewe kadi. Wengi hawarudi. Hakuna sheria inayomnyima mjamzito huduma kwa kukosa mwanamume wa kumsindikiza, na mganga mfawidhi anayeruhusu jambo hilo kwenye kituo chake anapaswa kulikomesha.

Hatari kubwa kuliko zote huja wakati wa kujifungua. Nyonga za msichana hukamilika kukua miaka kadhaa baada ya kuvunja ungo, na mtu anaweza kuwa na uwezo wa kushika mimba huku njia ya uzazi bado ni nyembamba. Mtoto hushuka, kichwa kinakwama. Uchungu unaendelea, siku inakwisha, nyingine inaanza. Hiyo ndiyo huitwa uzazi pingamizi. Palipo na chumba cha upasuaji karibu, mama na mtoto huokolewa kwa saa moja. Pasipokuwapo, kichwa cha mtoto huendelea kukandamiza kibofu cha mkojo dhidi ya mfupa, damu haifiki katika nyama iliyobanwa, na nyama hiyo hufa. Mara nyingi mtoto naye hufa. Siku chache baadaye sehemu iliyokufa huanguka na kuacha tundu, na kuanzia hapo mkojo hutiririka bila kuzuilika, mchana na usiku. Tundu likiwa upande wa nyuma, hutoka haja kubwa.

Hii ndiyo fistula ya uzazi, na inahitaji kuelezwa bila kuonewa haya kwa sababu haya ndiyo yanayoirefusha. Anayeugua hukata kanga za zamani vipande vipande na kuvaa, huvifua usiku watu wakiwa wamelala, hukausha ndani ya nyumba ili majirani wasivione kambani. Hunywa maji kidogo ili mkojo upungue, matokeo yake mkojo unakuwa mkali na kumbabua mapaja. Haendi msibani, haendi kanisani wala msikitini. Wapo walioishi hivyo miaka kumi na zaidi wakiamini wamerogwa, ilhali ugonjwa wao una tiba. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na kwa miaka mingi imekuwa ikituma nauli kwa njia ya simu ili mgonjwa aliye kijijini apande basi. Wengi hupona kwa upasuaji. Anayemjua mwanamke anayejifungia ndani kwa sababu hiyo ana jambo la kufanya leo hii.

Watoto wanaozaliwa na mama wadogo huzaliwa njiti kwa wingi zaidi, na wenye uzito wa chini ya kilo 2.5 ni wengi zaidi pia. Hospitali nyingi sasa hutumia njia ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ili joto la mama limkuze. Ni njia rahisi na yenye nguvu, lakini humtaka mama akae wodini wiki kadhaa, aamke kila baada ya saa mbili au tatu kunyonyesha au kukamua maziwa. Mama huyo mwenyewe ana miaka 16, na wiki iliyopita alikuwa akiwaza mtihani wa hesabu.

Wapo pia wasiofikia kujifungua kwa kuwa wamejaribu kuitoa mimba. Sheria ya Tanzania huruhusu mimba kutolewa ili kuokoa maisha ya mama tu, hivyo yanayofanyika nje ya hapo hufanyika gizani: mizizi iliyochemshwa, vidonge vilivyopatikana kwa siri, kijiti, chumba cha uani cha mtu asiye na ujuzi. Anayeanza kutokwa na damu nyingi au kupata homa baada ya hapo huogopa hospitali kwa kuamini atakamatwa mlangoni. Ni muhimu kila mzazi, kila matroni na kila mwalimu wa malezi ajue hili: huduma kwa mtu ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote ile, ni huduma halali inayotolewa katika vituo vya afya vya serikali. Kumpeleka haraka si kushiriki kosa.

Sasa swali la nani aliyempa mimba. Mitaani jibu huwa jepesi: "Ni tamaa za watoto wa siku hizi." Jibu hilo halitoshi, na mara nyingi ni la dhuluma. Kuanzia mwaka 2006 Tanzania ilijenga shule za sekondari katika kata kwa maelfu, kazi kubwa iliyowafungulia mlango watoto wa wakulima. Nyingi hazikuwa na mabweni. Mwanafunzi anayeishi mbali anatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, ama anapanga chumba karibu na shule, ambacho wenyewe wanakiita geto. Ana miaka 14, anajipikia, anajilipia kodi kwa fedha ya kutumiwa ambayo mwezi huu haikuja. Jioni kijana wa bodaboda anasimama: "Dada, panda nikusogeze." Kesho anamsogeza tena. Keshokutwa analeta chipsi. Wiki ya tatu anadai. Wapo pia wasiobembelezwa hata kidogo, wakishurutishwa na ndugu wa nyumbani, mwenye nyumba, au mwalimu. Aliye na miaka 28 na aliye na miaka 14 hawakubaliani kitu hapo. Mmoja anaamua, mwingine anashindwa kukataa.

Shule yenyewe, hata hivyo, ni kinga. Katika utafiti wa 2015 hadi 2016, miongoni mwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 wasio na elimu yoyote, 52 katika kila 100 walikuwa wameanza uzazi. Miongoni mwa waliofika sekondari walikuwa 10.

Sheria inasema kwa ukali. Tangu mwaka 1998 kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe amekubali au hakukubali. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikaongezewa kifungu: anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari atafungwa miaka 30. Kwa mwanafunzi, kwenye karatasi hakuna upenyo. Kijijini upenyo upo, na unaitwa kumalizana kifamilia. Wazee wanakaa chini ya mwembe, mhusika anakuja na mjomba wake, ng'ombe au fedha zinatajwa. Polisi wakifika, binti ameshapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Shahidi mkuu akikosekana mahakamani, kesi hufutwa. Vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vinaweza kumtambua baba kwa uhakika hata binti akinyamaza, lakini hakuna sampuli inayojipeleka maabara yenyewe. Inahitaji askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyeamua kufuatilia, na familia ambayo haijapokea ng'ombe.

Tena upo upenyo mwingine ulioandikwa ndani ya sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa miaka 14. Sheria ya makosa ya kujamiiana nayo humwacha nje ya kosa la kubaka mwanamume ambaye msichana huyo ni mkewe na ametimiza miaka 15. Kwa binti aliyekwisha acha shule, maana yake ni kwamba tendo lile lile linaweza kumpeleka mwanamume gerezani miaka 30, au kumpeleka kwa wakwe na mahari mkononi. Ndoa inakuwa kinga ya mwanamume, na wazazi wanaiita kumsitiri mtoto.

Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyeanzisha shirika la Msichana Initiative, alilifikisha suala hilo Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai 2016 mahakama iliamua kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ni kinyume cha Katiba, na ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Hukumu mbili, zote upande mmoja. Hata hivyo miaka iliyofuata ilikwenda kwenye kukusanya maoni na kuzungushana, wakati mabinti wa miaka 15 wa siku ile ya hukumu ya kwanza wakiwa wameshakuwa watu wazima. Kuchelewa huku hakuna utetezi wa kutosha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kinachobaki ni Sheria ya Ndoa kusema hivyo hivyo.

Shuleni nako siri ilikuwa na sababu yake. Chini ya kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002, mimba ilihesabiwa kuwa kosa la maadili. Katika shule nyingi wasichana walipimwa kwa lazima, wengine kwa kupapaswa tumbo mbele ya wenzao, na aliyekutwa nayo aliandikiwa barua ya kuondoka siku hiyo hiyo. Juni 2017, akihutubia mkutano wa hadhara mkoani Pwani, Rais John Magufuli alisema kuwa katika utawala wake hakuna mwanafunzi atakayezaa na kurudi shule. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa wanafunzi wapatao 5,500 walikuwa wakiacha masomo kila mwaka kwa sababu ya mimba. Adhabu hiyo iliwekwa kwa hoja ya kuwatisha wengine. Ilichofanikiwa kufanya ni kuwafundisha mabinti kujifunga kanga kwa nguvu zaidi na kukaa mbali na kliniki, kwa kuwa kadi ya kliniki ilikuwa ushahidi wa kufukuzwa.

Tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kuwa wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwamo kujifungua, wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Waraka ukatoka. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto nayo ilitoa uamuzi kuwa kuwafukuza na kuwapima kwa lazima kulivunja haki zao. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu miaka ya 1990. Tanzania ilichelewa, lakini imefika, na hili ni jambo la kufurahia kwa moyo wote.

Kuruhusiwa na kuweza si jambo moja, hata hivyo. Binti anayerudi kidato cha pili ana mtoto wa miezi sita anayebaki na bibi. Kama bibi anakwenda shambani, mtoto anabaki na nani? Kama shule iko saa mbili kwa miguu, atanyonya saa ngapi? Wazazi waliolipa michango mara moja husema hawana ya mara ya pili, na kaka yake ndiye anayefuata. Darasani wenzake wanamwita "mama fulani". Baba wa mtoto, aliyepaswa kutoa matunzo, yuko Tunduma anaendesha pikipiki, hakuna aliyemdai.

Vipo vielelezo vya namna ya kulifanya hili vizuri. Katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, mpango wa Elimu Haina Mwisho huwapokea wasichana waliokatisha sekondari, na vyuo hivyo vimeweka sehemu ya kulelea watoto ili mama asome huku mtoto yuko hatua chache tu. Shule ya kata haina fedha za kujenga kituo kama hicho, lakini mengi inayoyahitaji hayagharimu chochote: mkuu wa shule kumwita mzazi kabla binti hajajifungua na kumpa barua inayosema nafasi yake ipo, ruhusa ya mchana ya kwenda kunyonyesha, mwalimu wa malezi anayemjua muuguzi wa zahanati ya jirani kwa jina, na daftari la mahudhurio ambamo siku aliyompeleka mtoto chanjo haiandikwi kuwa siku ya utoro.